Jedwali la Kwanza

Kesho Jumamosi, saa tatu asubuhi,
watu saba watapanda ngazi hizi za Kibokoni
na mimi bado sijajua niwafunze nini kwanza.

Nimeandika: safu. Nimefuta.
Nimeandika: mistari ya kusimama, mistari ya kulala,
seli za kuunganisha, rangi za kupishana,
nukta ya desimali ikae chini ya nukta,
jedwali refu livukalo ukurasa,
jedwali lililolazwa ubavu.
Mambo kumi na tisa.
Saa mbili za somo. Kompyuta nne.

Mimi nilifunzwa yote siku moja.
Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kumwaga.
Nikarudi na kichwa kama gunia la Marikiti
na kwa miaka mitatu nikajenga matundu,
kila nambari ndani ya lake, kama kuku wa kuuzwa.
Ratiba ya saumu niliyoipiga chapa mwaka ule
ilikuwa na nondo kuliko jela.
Mzee Kibwana wa Bondeni akapotea mle ndani,
akafuturu kwa mstari usio wake, dakika moja kabla.
Siku hiyo aliilipa.
Mimi sijalipa.

Na hawa wa kesho?
Nyevu, karani wa zahanati kule Kisauni,
ana watoto mia mbili na uzani wao.
Mbaruku anashona kanzu: mabega, kifua, mkono.
Shekue ataka kuchapa msimamo wa ligi ya mtaa,
timu yake iwe juu, kwa mabao au kwa kalamu.
Hawaufuati ufundi wangu.
Waja na nambari zao kama mtu aliyebeba mayai.

Saa mbili usiku stima ikakatika.
Nikashuka kununua mbaazi.
Bi Mwanasiti akafungua daftari la madeni
kwa mwanga wa simu ya mjukuu.
Majina kushoto. Pengo. Fedha kulia.
Watu sitini na wawili, mstari hata mmoja hakuna,
wala hakuna aliyebandikwa deni la mwenziwe.
Nikaliona jina langu, nikalifuata pengo,
nikafika: mia tatu na arubaini.
Hata kubisha sikuweza.

"Mbona hukupiga mistari?"
"Mistari ya nini? Mato yajua ndia."
Akaniandikia na sitini za leo.

Nikapanda gizani, sahani mkononi,
nikimkumbuka baba akihesabu mizani kwa vifundo vya vidole:
kipande huku, kipande kule,
katikati hakuna kitu,
na hicho kisicho kitu ndicho kinachoshika ubeti.
Nyuma ya risiti nikaandika kwa kupapasa:

Safu ya jina kushoto,     nambari iwe kulia,
Nafasi ni kama pito,     jito hupita na ndia,
Usiwazibe watoto     kwa nguzo za kuzuia,
Ubeti hauna kuta,     na mizani hutulia.

Basi kesho nitaanza na alama hii: &.
Nitawaambia isomeni "na".
Mtoto na uzani. Bega na inchi. Timu na pointi.
Jambo walilolijua kabla ya kujua kusoma.
Kisha mikwaju miwili iliyolalia nyuma:
mstari umekwisha, shuka.
Mikwaju ya kuchapa, si ya kuchapwa.
Kisha mistari mitatu ya kulala,
juu, chini ya vichwa, na mwisho.

Shekue ataniuliza rangi. Namjua.
Nitamwambia wiki ijayo, na huenda nikadanganya.

Stima imerudi. Yale kumi na tisa yananikodolea macho.
Nimeyafuta, kasoro matatu,
na mfano wa kwanza nautoa mwenyewe,
ili wakikosea, wakosee deni langu:

Barke & 400 \\